Uwanja Uliolambwa

Nyie wajukuu zangu, na nyie vijana wengine wa bonde hili mtakaoshika karatasi hizi, futeni kwanza mikono. Halafu msome mpaka mwisho, msirukeruke kama mbuzi kwenye shamba la kunde. Mnamjua babu yenu wa ile picha ya ukutani, amevaa koti, amekaza uso kama mtu anayengoja hukumu. Huyo siyo yeye. Mpiga picha alimwambia atulie, akatulia, na hiyo ndiyo mara moja tu nilimwona mzee wangu ametulia.

Siku tuliyomzika, watu walisimama wakasema alipenda michezo, alijitolea kwa kijiji, aliwapenda watoto wake. Ni kweli. Lakini maneno hayo unaweza kumsemea marehemu yeyote na jeneza halitabisha. Mimi nataka niwape siku moja tu ya maisha yake, siku ya mpira, mjue alikuwa mtu wa namna gani. Mimi siyo mtu wa kupigwapigwa na moyo, lakini siku hiyo nikiikumbuka moyo unapiga mpaka nashika kifua.

Nilitoka Ufipa juu nikaolewa huku bondeni, Majimoto. Wakati ninaousema ni miaka ya tisini, kabla ya mvua zile za elinino. Bado tulikuwa tunaitwa mkoa wa Rukwa, na kwenda Mpanda mjini unapanda lori juu ya magunia unafika nywele nyekundu kwa vumbi. Mzee wangu alilima mpunga kama watu wote, na mbele ya nyumba alikuwa na kibanda anatengeneza baiskeli. Mtu akileta pancha, kabla ya kuulizwa imetoboka wapi anaulizwa, "Jana umesikia mpira?" Asiyesikia, pancha yake inangoja.

Redio yetu ilikuwa ya mbao. Betri zikichoka anazianika juu ya bati kama dagaa zipate jua, na jioni zinaongea tena. Mpira ukitangazwa hakai. Anasimama, mguu wa kulia unapiga hewa kufuatana na mtangazaji. Siku moja mtangazaji aliongeza sauti, mguu nao ukaongeza nguvu, ukapiga sufuria ya maharage yangu. Nilimwangalia. Akasema, "Mama watoto, ile ilikuwa penalti." Siku hiyo alikula ugali na chumvi.

Kwa watoto alikuwa wa ajabu. Wanaume wa rika lake walikula peke yao, wanawekewa nyama ya kwanza. Yeye alikaa chini na watoto, sinia moja, anagombania matonge nao, wanamcheka. Mabinti zetu aliwasimikia mti uani, juu akafunga ringi ya baiskeli, wakacheza netiboli mpaka jirani akaja kulalamika.

"Mabinti wanaruka hivyo," jirani akasema, "nani atawaoa?"

"Atakayeweza kuwakimbiza," mzee wangu akajibu.

Na kujitolea. Nyie mnadhani kujitolea ni kuvaa fulana yenye maandishi. Mgonjwa akizidiwa, hodi ya kwanza ilikuwa kwetu, anafungwa kwenye baiskeli anasukumwa mpaka zahanati. Daraja la magogo likichukuliwa na maji, yeye ndiye anapita nyumba kwa nyumba anaita watu. Siku za chanjo anatembea kuamsha kina mama. Mimi nilisema. Sikunyamaza. "Jaruba letu la mpunga limekuwa msitu na wewe unajenga daraja la watu!" Anatabasamu tu, anachukua jembe, anapitia kwanza darajani.

Kulikuwa na kipande cha ardhi kati ya majaruba na njia wanayopitishia ng'ombe kwenda mtoni. Pori tupu, visiki na miiba. Yeye na vijana walikisafisha, wakang'oa visiki, wakasimika magoli ya miti. Mpira ulikuwa mmoja, wa ngozi, ameushona na kuutia viraka kama tairi, anaupaka mafuta ya ng'ombe usipasuke. Harufu ya mafuta hayo nilikuwa naisikia mpaka kwenye mto wa kulalia.

Sasa wakati huo walikuwa wameingia wafugaji, Wasukuma kutoka kaskazini, na ng'ombe wengi. Wengine waliingia vizuri, wakasalimia, wakaomba. Lakini ng'ombe hawaombi. Ng'ombe mmoja akiingia kwenye jaruba, mkulima anashika panga. Mchungaji akiona panga anashika fimbo. Mwaka ule kijana mmoja alikatwa mkono, mwingine akapasuliwa kichwa, na wote wawili mzee wangu ndiye aliyewasukuma kwenye baiskeli ile ile mpaka zahanati. Aliporudi safari ya pili alikaa kibandani, anazungusha tairi tupu kwa kidole.

Kesho yake akaja na wazo. Vijana wa wakulima na vijana wa wafugaji wacheze mpira. Nilimwambia, "Unataka wauane kwa zamu, wakiwa wamevaa kaptura?"

"Mtu uliyemnyang'anya mpira," akasema, "huwezi kumkata kesho. Utamkumbuka alivyoanguka, utacheka."

Mwenyekiti wa kijiji hakucheka. Alikuja mpaka kibandani, akasimama nje, akasema mbele ya watu: "Sikilizeni. Watu wananiomba kile kipande kila siku wapate majaruba. Nimekiacha kwa ajili yako. Lakini nikiona fimbo moja imempiga mtu, au panga moja, kesho yake asubuhi napima majaruba pale. Uwanja umekufa."

"Haitapiga," mzee wangu akasema.

"Nimesema."

Basi. Ndiyo hivyo mambo yalivyosimama. Mzee wangu alikuwa ameupa uwanja ule miaka na mgongo wake, na sasa ameuweka mezani kwa mchezo mmoja. Ukitokea ugomvi, kwaheri uwanja. Usiku alikuwa anageukageuka, anapanga timu mdomoni.

Siku za kawaida mistari ya uwanja ilichorwa kwa jivu. Anapita jikoni kwetu kina mama na ndoo, anakomba mafiga yote. Lakini jivu linapeperuka, na kwa siku kubwa kama ile alitaka mstari unaoonekana mpaka mbinguni. Chokaa haikuwepo. Akafikiri, akafikiri, akapiga paja. Kule kwenye chemchemi ya maji moto, maji yakikauka kandokando yanaacha udongo mweupe pee, kama unga wa muhogo. Wakaenda na vijana, wakaukwangua, wakaujaza kwenye magunia, wakaubeba kwenye baiskeli. Jumamosi yote walimwaga. Jioni aliniita nikaangalie.

Kweli ulipendeza. Mistari myeupe kwenye ardhi nyeusi, imenyooka, na duara katikati. Nilisema tu, "Haya," lakini niliuzunguka wote kabla ya kurudi.

Sasa nisikilizeni. Hakuna mtu wa Majimoto asiyejua udongo ule una chumvi. Bibi zetu waliuchuja wakapikia mboga. Mzee wangu aliujua tangu akiwa mtoto mgongoni. Lakini alikuwa mkulima. Hakuwahi kumiliki hata mkia wa ng'ombe. Aliangalia weupe, hakuangalia kitu kingine.

Jumapili tulitoka kanisani, tukala haraka haraka, tukaenda. Watu walikuwa wanamiminika kila upande. Wasukuma walikuja na wanawake wao na watoto, wamevaa vizuri, vijana na makatambuga yao ya tairi. Mzee wangu alikuwa amesimama njiani, filimbi shingoni, kila anayeingia anaweka fimbo na panga lake chini ya mti wa pembeni. "Karibu, weka hapa. Karibu, weka hapa. Mama, hiyo ni panga? Ni ya kukatia miwa? Weka hapa na miwa yake."

Halafu tukasikia kelele mbele.

Ng'ombe! Wamejaa uwanjani kutoka goli hadi goli! Walikuwa wanapelekwa mtoni kama kila siku, na walipofika pale wakaacha njia. Vichwa chini, ndimi nje, wamepanga mstari juu ya mstari wanalamba kama wamelipwa. Mstari wa pembeni umekwisha. Duara la kati limekwisha, na pale palipokuwa na nukta fahali mkubwa amepiga magoti anachimba kwa ulimi. Wachungaji wanawachapa, wanapiga miluzi, ng'ombe hawasikii. Kwato zimevuruga kila kitu.

Wakulima hawakuuliza. Sauti ikapanda: "Wametuletea ng'ombe! Wameharibu makusudi! Wamejua watafungwa!" Vijana wa wafugaji nao wakajibu: "Makusudi gani? Nyie mmeweka nini hapa? Mmeweka sumu mtuulie ng'ombe!" Neno sumu likapita kama moto kwenye majani makavu. Mwanaume mmoja wa Kisukuma akalia, "Sumu! Wameweka sumu!" Watu wakageuka wote kwa pamoja, wakakimbilia chini ya mti ule walikoweka silaha zao. Wa kwanza kufika na kushika panga alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mzee wangu, babu yenu mdogo huyo huyo mnayemwona leo anatembea na mkongojo anagawa peremende.

Mwenyekiti alikuwa amewekewa kiti. Akasimama. Niliona anaangalia ardhi ile, na niliona anaipima kwa macho. Nikajua anayaona majaruba.

Mzee wangu akapuliza filimbi. Aliipuliza mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Halafu akaenda katikati, kati ya panga na fimbo, akapiga magoti pale pale kwenye mavi ya ng'ombe, akakwangua kidogo mabaki ya mstari, akaweka ulimini.

Mimi nilipiga kelele. Na mimi nilidhani ni sumu.

Alitafuna. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Sisi tuko mlangoni kwa kifo, yeye anacheka!

"Chumvi!" akasema. "Jamani, nimewatandikia ng'ombe chumvi! Mimi mwenyewe! Kwa mikono yangu!"

Hakuna aliyecheka. Akasimama, akachukua kiganja kizima, akampelekea mzee wa wafugaji, mtu mrefu mwenye kofia ya pama. Mzee yule akamwangalia, akaangalia udongo, akachovya kidole, akalamba. Akalamba tena.

"Hii nzuri," akasema taratibu. "Hii hata mimi ningeacha njia."

Wafugaji wakaanza kucheka kwa nyuma. Mzee yule akaendelea, "Wewe bwana umewaalika ng'ombe wangu kwenye sherehe, wamekuja na familia zao, sasa watu wako wanawatolea panga. Huu ndio ukarimu wa hapa?"

Mzee wangu akamgeukia mdogo wake. "Na wewe njoo ulambe."

"Silambi udongo mimi."

"Lamba kwanza, ndugu yangu, halafu ndiyo uue mtu. Usiue hujaonja."

Watu wote wanaangalia. Shemeji yangu na panga lake mkononi akainama, akalamba. Akakunja uso. Akasema kwa sauti ndogo kama mtoto, "Ni chumvi."

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka! Watu walishikana mabega. Mama mmoja wa Kisukuma alikaa chini kabisa. Wachungaji wakapata nafasi, wakawasukuma ng'ombe mpaka mtoni, na mapanga yakarudi chini ya mti.

Lakini mwenyekiti hakuwa amekaa. "Sikuona fimbo ikimpiga mtu," akasema, "basi bado. Lakini mtachezaje? Mstari hakuna hata mmoja. Kila mpira utakaotoka mtabishana umetoka au haujatoka, na nyie mkibishana najua mnamalizia wapi. Bora muahirishe."

Mzee wangu alijua kuahirisha ni kuua. Watu wale wasingekusanyika tena. Akazunguka polepole, anaangalia umati ule, na niliona uso unaanza kuwaka, uso ule ule wa kuharibu sufuria.

"Mistari ipo," akasema. "Mistari ni nyie!"

Ee Mungu, mngemwona! Akaanza kukimbia, anashika watu mikono, anawapanga. Mkulima mmoja, mfugaji mmoja, mkulima, mfugaji, bega kwa bega, kuzunguka uwanja wote. "Hapana, nyie wawili mmetoka nyumba moja, tenganeni! Wewe mama, njoo huku kati ya hawa! Mzee, samahani, simama hapa, shikana na huyu!" Alisema mpira ukigusa miguu ya watu, umetoka, hakuna mjadala. Na akawapanga hivyo ili mstari usiweze kupinda. Mkulima akisogea kuwabeba wakulima, mfugaji wa pembeni anamvuta, na huyu hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mama mchungaji wa kanisa letu. Akaniona.

"Mama watoto, goli lile. Simama kwenye nguzo."

"Mimi sijui mpira."

"Hujui mpira, lakini unajua ndani na nje. Nyumbani hakuna anayekuzidi."

Nikaenda. Kwenye nguzo ya pili alisimama yule mama wa Kisukuma aliyekuwa amekaa chini kwa kicheko. Na kipa katikati yetu, kipa wa wakulima, nani? Mwanangu. Mtoto wa pili, miguu mirefu, mdomo mkubwa zaidi.

Filimbi ikalia!

Jamani mpira ule! Vijana wa wakulima walikuwa wanajua pasi, maana mzee wangu aliwafundisha. Wafugaji hawakujua pasi, lakini walikuwa na mbio, watu wanaokimbiza ndama toka wamezaliwa. Kijana wao mmoja akipata mpira huwezi kumwona, unaona vumbi. Na mistari ile ya watu haikutulia! Mpira ukikaribia, watu wanasogea mbele kuona, uwanja unakuwa mwembamba kama njia ya panya, mzee wangu anapuliza filimbi: "Mstari rudi nyuma! Mstari, nimesema rudi nyuma!" Mpira ukamgonga mzee wa kofia ya pama tumboni. "Nimetoka!" akapiga kelele, "mimi ni mstari, umetoka!" Watu hoi.

"Mayu," mama wa nguzo ya pili akaniita, ndiyo mama kwa Kisukuma chao, "huu ukija kwangu nifanyeje?"

"Usikimbie," nikamwambia. "Nguzo haikimbii."

"Nguzo haina watoto nyumbani."

Wakulima wakafunga kwanza, kwa kichwa, kutoka kwenye kona. Kelele hizo. Baada ya mapumziko, na magoli hatukubadilishana mstari usije ukavurugika, yule wa vumbi akapita mabeki wote akasawazisha, na wanawake wa Kisukuma wakapiga vigelegele mpaka masikio yakawasha. Mimi, nyie watoto, niliyeita mpira kukimbiza ngozi, nilikuwa narukaruka kwenye nguzo na kitenge nimekifunga kifuani kama mtu anayekwenda kupigana.

Jua lilikuwa limeshuka. Mzee wangu alikuwa anaangalia saa yake mara kwa mara. Sare, moja kwa moja; ingeisha hivyo wote wangekwenda nyumbani wameshiba. Yule wa vumbi akapata tena mpira. Akamzunguka beki, akapiga. Siyo shuti kubwa, mpira ulitambaa chini, na mwanangu akaruka kinyumenyume, akaulalia, akauvuta kifuani, akainuka ameushika juu. "Haujaingia!" Wakulima wote wakapiga kelele haujaingia. Wafugaji wote wakapiga kelele umeingia. Nyavu hatukuwa nazo za kusema ukweli. Na hapo, ule mstari mzuri wa watu, mkulima na mfugaji bega kwa bega, niliuona unakatika. Watu wanaachana mikono. Macho yanageuka kutafuta ule mti.

Mzee wangu alikuwa mbali, nyuma ya wachezaji. Hakuona. Alikuja anakimbia, pumzi juu.

"Mstari," akasema. Alinitazama mimi na mama mwenzangu, mmoja baada ya mwingine. "Mstari unasemaje?"

Mama yule alinitazama. Akaninong'oneza, "Sema wewe, mayu. Mimi nikisema watasema nawabeba watoto wangu."

Mwanangu alikuwa amesimama mbele yangu, mpira kifuani, jasho na vumbi. "Mama," akasema. "Mama, waambie."

"Usiniite mama hapa," nikamwambia. "Mimi ni mstari."

Nilisikia hata kengele za ng'ombe kule mtoni. Mpira ule nilikuwa nimeuona. Ulipita nguzo wote, mzima, ukafika nyuma ya kisigino changu, ndipo akauvuta. Nilijua nikisema, wakulima wenzangu watanila nyama. Nilijua nisiposema, yule mama ameona, na akirudi kwao atasema, na uwanja wa mzee wangu utakuwa uwanja wa uongo hata kama haukugawiwa.

"Umeingia," nikasema. "Wote. Umeingia na ameutoa."

Shemeji yangu alipiga hatua moja kwenda kwenye mti. Moja. Mzee wangu hakumwangalia. Alipuliza filimbi kwa nguvu zote, akanyoosha mkono katikati ya uwanja: "Goli! Mstari umesema!" Na mzee wa kofia ya pama, naye mstari, akadakia, "Mstari umesema!" Mkulima wa pembeni yake, mtu aliyekuwa ameulilia mpunga wake ulioliwa mwezi ule ule, akatazama kushoto, akatazama kulia, akacheka kwa kukosa la kufanya, akasema, "Basi, mstari umesema," akamshika tena mkono mwenzake. Nikaona mstari unajirudisha wenyewe, mtu kwa mtu, mpaka ukafunga.

Wakacheza dakika zilizobaki kama wendawazimu, wakulima wanashambulia, mpira unagonga nguzo, unagonga watu, unagonga mbwa. Haukuingia. Filimbi ya mwisho ikalia, tumefungwa mbili kwa moja, na watu wakaingia uwanjani wote wakamwinua mzee wangu juu. Siyo wafungaji. Refa! Mmewahi kuona wapi refa anabebwa? Kofia ya pama ilikuwa kichwani kwake, imemfunika mpaka pua.

Mwenyekiti akaja, anapangusa suruali. "Uwanja ubaki uwanja," akasema, na akaondoka haraka, maana mzee wangu alitaka kumkumbatia.

Nyumbani jioni ile nyumba ilikuwa imejaa na imenuna. Mzee wangu sauti imekauka, amepanga maharage mkekani anaonyesha lile goli la kichwa, na wafugaji wameshaomba mechi ya marudiano Jumapili ijayo. Mwanangu amegeukia ukuta, hataki kula. Shemeji yangu alikaa mlangoni.

"Shemeji, umetuuza," akasema.

"Nimekuuza kwa nani?" nikamwambia. "Nani angekununua?"

Mabinti wakacheka ndani ya vikombe. Halafu mzee wangu akainua kichwa, na maharage mkononi. Tukasikia wote. Kengele. Zinatoka mtoni, zinapanda, hazielekei kwenye maboma ya wafugaji. Zinaelekea uwanjani.

Nikatoka nikasimama kwenye kichuguu. Jua lilikuwa bado lina ukingo mwekundu. Ng'ombe wale, wachungaji nyuma yao wanapiga kelele bure, walikuwa wameshafika kwenye goli, wanachimba ardhi kwa ndimi na kwato. Ng'ombe akishajua penye chumvi hasahau. Wangekuja kesho, na kesho kutwa, mpaka uwanja uwe shimo, na kila jioni wangepita kando ya majaruba kwenda na kurudi, na siku moja mmoja angeingia kwenye mpunga wa mtu. Mapanga yale yale.

Mzee wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alielewa kabla sijasema. Uso wote ule wa furaha ukamshuka.

"Nitakwenda alfajiri," akasema. "Nitaukwangua. Ni kosa langu, nitakwenda mwenyewe."

Siku zote alikwenda mwenyewe. Darajani, zahanati, kila mahali, na mimi nikibaki nyuma nahesabu magugu. Nikamwangalia, refa aliyebebwa juu na kijiji kizima, miguu peku, anatafuta jembe lake gizani kwenye kona ya kibanda. Nikarudi ndani. Nikapiga kifuniko cha sufuria mpaka wote wakanitazama, hata yule aliyegeukia ukuta.

"Kesho alfajiri," nikasema, "kila mwenye mikono ndani ya nyumba hii atachukua jembe na karai aende uwanjani. Mabinti na nyie. Chumvi yote ikwanguliwe mpaka uonekane udongo mweusi, ibebwe ng'ambo ya mto, mbali na mpunga, imwagwe kwenye njia ya ng'ombe, walambie huko huko. Shemeji, wewe utabeba karai kubwa. Kipa atatangulia. Na mtu asiniulize uji: uji nitauleta mwenyewe uwanjani, na nitakayemkuta amekaa, hataunywa."